Gunia Nyuma ya Chumba cha Kufulia

Je, umewahi kuanika nguo asubuhi, ukaja kuianua jioni imelowa kuliko ulivyoianika? Kama hujawahi, basi hukuwapo Kibiti masika ya mwaka tisini na nane. Mvua ile ilianza mwaka uliotangulia na haikujua kupumzika. Watu walitundika nguo jikoni juu ya mafiga, zikanuka moshi, na bado ukizikamua zinatoa maji. Muhogo uliomenywa uliota kuvu kabla haujakauka. Hata chumvi ndani ya kopo iligeuka maji.

Mwanahalima binti Swalehe alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano. Siku zake zote zilikuwa zile zile. Kengele ya saa nane ikilia, anavua viatu na kuvitia kwenye mfuko wa nailoni visije vikaharibiwa na tope, anapita nyumbani kuchukua bakuli la ugali wa muhogo na kamba wakavu, kisha anafuata njia ya nyuma ya soko mpaka kituo cha afya, kumpelekea mama yake chakula. Baba yake alikuwa kwenye kazi ya kukata boriti za mikoko huko Nyamisati na alirudi mara moja kwa mwezi, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu.

Mama yake, Mwajabu, alikuwa mfuaji wa kituo kile. Alifua kwa mikono miaka kumi na mmoja, kwenye makaro mawili ya saruji. Kwanza maji ya dawa, halafu sabuni, halafu maji safi mara mbili. Mashuka ya wodi ya wazazi peke yake yalikuwa ishirini, bado ya wodi nyingine na nguo za chumba cha kushonea vidonda. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda mtoni, na magoti yake yalilia kila alipoinama, ka, ka, kama kuni mbichi motoni.

Zamani ndani ya chumba cha kufulia kilikuwamo kiti, cha mbao, mguu mmoja umefungwa waya. Mwajabu alikuwa akimaliza karo la kwanza anakaa kidogo, ananyoosha miguu, halafu anaanza la pili. Kituo kilipofungua dirisha la kuchangia huduma, karani wa dirisha akakosa pa kukaa, kiti kikabebwa. Mwajabu alipoulizwa kama ana neno, alijibu, "Sina neno." Ndivyo alivyokuwa. Umwambie mvua imevunja bomba, umwambie sabuni haitoshi, atakujibu hana neno, kisha atainama aendelee.

Mwishoni mwa mwaka uliopita ndipo ilipokuja mashine ya kukaushia. Hoteli moja huko Dar es Salaam ilikuwa imeuzwa kwa mwekezaji, naye akaleta vyombo vipya. Vile vya zamani vikatolewa msaada hapa na pale. Hiyo ya kituo ilikuwa nyeupe, yenye urefu wa kufika kifuani kwa mtu mzima, na mlango wa kioo wa mviringo. Ndani mlikuwa na pipa lililozunguka na mashuka yake. Nyuma lilitoka bomba pana la bati lililopenya ukuta na kutokea nje, chini ya upenu, na huko ndiko ilikotoka hewa moto. Jenereta la kituo liliwashwa saa tisa alasiri na kuzimwa saa kumi na mbili, kwa hiyo mashine ilikuwa na saa tatu tu za kufanya kazi. Kwa miezi kadhaa ilifanya vizuri. Mvua iliendelea kunyesha nje, na mashuka yakatoka ndani ya pipa makavu, yana joto, yananukia usafi.

Sasa sikiliza jambo alilolifanya Mwanahalima.

Bibi yake wa Ngorongo alikuwa amemfundisha kusuka ukili, ile mikanda mirefu inayoshonwa pamoja ikawa mkeka. Mwanahalima akajiwekea nia: atamsukia mama yake mkeka, autandike pale chumba cha kufulia, apate mahali pa kujinyoosha. Hakumwambia mtu yeyote isipokuwa rafiki yake Emmy. Alipasua ukindu wake, yale majani ya mkindu, akauchemsha kwenye rangi ndani ya debe, zambarau sehemu moja, kijani sehemu moja, na mwingine akauacha mweupe. Ukindu uliotoka kwenye rangi hutaka jua siku mbili tatu. Jua lenyewe liko wapi? Aliuanika barazani, ukaanza kuota madoa meusi ya kuvu.

Siku moja, akizunguka nyuma ya chumba cha kufulia kumwaga maji ya kunawa, upepo wa joto ukampiga usoni. Ulitoka kwenye bomba. Mwanahalima alisimama pale, mikono mbele, kama mtu aliyekuta moto msituni.

Kesho yake alikuja na konzi moja ya ukindu, akaining'iniza mbele ya bomba. Ukapepea, ukapata afadhali. Lakini mvua ya upande ilirusha matone, na joto likatawanyika ovyo. Siku iliyofuata akaja na akili mpya. Alichukua gunia, akatia ukindu wake wote ndani, akalivisha gunia kwenye mdomo wa bomba na kulifunga kwa kamba ya katani, joto lote liingie humo lisipotee. Kila siku kabla ya saa tisa analifunga; jenereta likizimwa analifungua, analificha chini ya kanga yake, wanarudi nyumbani na mama yake.

Siku hiyo hiyo mashine ikaanza kuzimika.

Ilizunguka kama dakika ishirini, kisha ikanyamaza. Mwajabu akabonyeza kitufe, kimya. Akafungua mlango: mashuka yalikuwa ya moto lakini maji yamejaa, mvuke ukamfunika uso. Akasubiri. Baada ya nusu saa mashine ilikubali tena, ikazunguka kidogo, ikakata. Saa kumi na mbili jenereta likazimwa, na mashuka yote yalikuwa bado mabichi.

"Leo ina nini hii?" Mwajabu alisema peke yake.

Hakuwa mtu wa kukata tamaa haraka. Kesho yake alipunguza mashuka, badala ya kumi na mawili akatia sita. Ikazimika. Kesho kutwa akayakamua kwa nguvu, akiyasokota kwa fimbo mpaka yakaacha kudondosha. Ikazimika. Akavuta chujio la nyuzi, lile la waya laini linalokaa chini ya mlango, ambalo alilisafisha kila siku bila kukosa. Lilikuwa safi. Akalipangusa tena. Mashine ikazimika.

Kilichobaki kilikuwa pasi ya mkaa. Mwajabu akatandika shuka bichi mezani, akapiga pasi mpaka mvuke uishe, akachukua jingine. Jioni ile Mwanahalima alimkuta ameegemeza nyonga kwenye meza, anabadilisha mguu wa kusimamia, kushoto, kulia, kushoto.

"Mama, umechoka."

"Sina neno, mwanangu. Niletee mkaa ule pale."

"Kwa nini usiyaache mpaka kesho?"

"Wodi ya wazazi kuna mtoto kazaliwa asubuhi, kafunikwa kanga ya mama yake iliyolowa mvua. Nikiyaacha, yule atalalia nini? Leta mkaa."

Mwanahalima akaleta mkaa. Chini ya kanga yake, gunia lilimchoma kiuno kwa joto. Hakuunganisha mambo yale mawili. Kwa macho yake mashine ilikuwa ndani na gunia lilikuwa nje, na katikati kuna ukuta.

Msimamizi wa wauguzi pale kituoni aliitwa Sista Elinipendo, mama wa yule Emmy, mtu wa milimani kule kaskazini, mrefu, mwenye saa iliyobandikwa kifuani. Hakuwa mkali bure, ila alipenda jambo lifanyike kwa wakati wake. Alikuja chumba cha kufulia siku ya tano.

"Mama Mwanahalima, wagonjwa wangu wanalala kwenye magodoro matupu."

"Naona, Sista. Mashine inazimika."

"Nitamwita fundi."

Fundi Mfaume alikuwa bingwa wa injini za boti huko Nyamisati, na jenereta la kituo lilikuwa mikononi mwake pia. Alikuja asubuhi ya Jumatatu, Mwanahalima akiwa shuleni. Jenereta likawashwa kwa ajili yake. Akatia mashuka, akabonyeza, akakaa juu ya sanduku lake la vifaa akila karanga. Mashine ikazunguka saa nzima bila kukohoa. Mashuka yakatoka makavu.

"Haina ugonjwa hii, Sista," alisema.

Alasiri yake, mbele ya Mwajabu, ikazimika baada ya dakika ishirini.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wahudumu wa wodi walisema mashine inamkataa Mwajabu. Mmoja alicheka akasema mtu wa karo huwezi kumpa chombo cha hotelini. Mwajabu aliyasikia, maana chumba cha kufulia hakina mlango wa mbao, kina pazia tu. Aliendelea kukamua.

Emmy naye alimwuliza Mwanahalima shuleni, "Na huo ukindu wako umekauka?"

"Bado kidogo."

"Juzi ulinionyesha, unanuka kama soksi za mwalimu wa mazoezi!"

"Ondoka hapo! Utaona mkeka ukiisha, utaomba kukalia."

"Nitakalia nimeziba pua."

Wakacheka. Lakini moyoni Mwanahalima alijua kwamba ukindu ule ulikuwa unalegea badala ya kukakamaa, na hakuelewa kwa nini.

Jumatano Sista Elinipendo alimwomba fundi aje saa ile ile ya alasiri, aone mwenyewe. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka watu wanasemeshana kwa kupaza sauti. Mwanahalima alikuwa ameshafunga gunia lake, akaingia na bakuli la chakula. Akamkuta Fundi Mfaume amechuchumaa mbele ya mashine, Sista amesimama nyuma yake, na mama yake pembeni, mikono imefumbatwa tumboni kama mtu anayesubiri hukumu.

Mashine ilizunguka. Dakika kumi. Kumi na tano. Halafu kimya.

"Haya!" alisema Sista. "Umeona?"

Fundi akaweka kiganja mgongoni mwa mashine, akakitoa mbio. "Loo! Inaungua. Hii imekosa pumzi."

"Pumzi?"

"Sista, chombo chochote cha moto kina pa kutolea pumzi. Boti ukiiziba ekzosi, injini inakufa. Hii nayo inavuta hewa, inaipasha moto, inaipitisha kwenye mashuka, inatoka na maji yake nje. Ikikosa pa kutokea, joto linarudi ndani. Sasa ndani kuna kidude kidogo cha kulinda, joto likizidi kinakata, nguo zisije zikawaka moto. Mpaka ipoe ndipo inakubali tena." Akasimama, akapangusa mikono. "Bomba lake linatokea wapi?"

"Nyuma," alijibu Mwajabu.

"Nipeni mwavuli nikatazame."

Mwanahalima alihisi kama ameteremka ghafla kwenye ngazi ambayo hakuiona. Aliweka bakuli chini. Wakati fundi akihangaika na mwavuli uliovunjika mbavu, yeye alitoka mbio chini ya mvua, akazunguka kona, akafungua ile kamba kwa meno, akalivuta gunia na kulitupa nyuma ya mapipa ya takataka. Fundi alipofika, alimkuta amesimama anatweta, maji yanamtiririka.

"Weye mtoto unaoga?"

"Naangalia kama pameziba, fundi."

Fundi akachungulia ndani ya bomba. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. "Safi kabisa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunjika moyo. "Hapana kitu."

Mashine ilipopoa ikawashwa tena. Ikazunguka mpaka mwisho, mashuka yakatoka yamekauka kama biskuti. Fundi alikuna kichwa. Alitazama mashine, akamtazama Mwajabu. Kisha akatoa karatasi, akaandika anavyojua, akampa Sista. Mwanahalima alisoma kwa kuibia: *Mashine ni nzima. Tatizo ni matumizi.*

Jioni wakarudi nyumbani, Mwajabu akichechemea. Walipofika, alijaribu kukaa kwenye kigoda, akashindwa kujiteremsha, akaegemea ukuta.

"Mama, mashine haitazimika tena," alisema Mwanahalima.

"Umejuaje weye?"

"Najua tu."

Mama yake akajipangusa uso. "Inshallah," alisema, akafumba macho.

Na kweli haikuzimika. Alhamisi ilifanya kazi mpaka mwisho. Mwanahalima alikuwa amekwisha kujipangia: gunia limeondoka, mashine imepona, jambo limekwisha, hapana haja ya mtu kujua. Alikuwa amechoka kwa kuogopa, na alitaka siku moja tu ya kukaa bila kufikiri.

Asubuhi ya Ijumaa Emmy alimvuta nyuma ya madarasa.

"Nikikwambia kitu, hutasema nimesema?"

"Kitu gani?"

"Bodi ya kituo inakutana leo saa nne. Wanapunguza wafanyakazi, wanataka jina moja. Mama ameandika la mama yako."

"Lakini mashine imepona!"

"Ndiyo hiyo sasa. Mama alimwambia baba mezani: kumbe tangu mwanzo aliweza kuiendesha, amekemewa ndipo amefanya kazi. Anasema ni uvivu." Emmy alishusha sauti. "Halafu alisema hajalala vizuri kwa kuliandika jina hilo."

Mwanahalima akakaa juu ya tofali. Akamwambia Emmy yote, gunia, kamba, mbio za kwenye mvua. Emmy akakaa pembeni yake.

"Ukisema watakuchapa," alimwambia. "Si umeshalitoa? Nyamaza tu."

"Nimelitoa kwenye bomba," alisema Mwanahalima. "Sasa liko juu ya mama."

Alimwomba mwalimu wa zamu ruhusa. Hakudanganya kuwa anaumwa. Alisema kuna jambo la kituo cha afya lazima alifikishe kabla ya saa nne. Mwalimu alimtazama uso, akamruhusu.

Gunia alilikuta pale pale nyuma ya mapipa, limelowa, zito. Alilibeba kichwani mpaka ofisi ya Sista Elinipendo. Maji ya rangi ya zambarau yalimchuruzika mpaka kwenye kola ya shati la shule. Fundi Mfaume naye alikuwapo, amekuja kubadilisha oili ya jenereta.

"Shikamoo, Sista. Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hujaenda shule? Na hilo nini linachafua sakafu yangu?"

"Sista, mama hakukosa kitu. Ni miye. Nilifunga gunia hili kwenye bomba la mashine, kila siku, naanika ukindu wangu. Fundi alipokuja asubuhi nilikuwa shule, ndiyo maana ikafanya kazi. Na juzi nilikimbia nikalitoa kabla fundi hajafika."

Sista alivua miwani.

"Mwanahalima, nakuelewa. Mtoto akisikia mama yake yuko hatarini, atasema lolote. Lakini uongo wa kumtetea mzazi nao ni uongo."

Hilo Mwanahalima hakulitarajia. Alikuwa amejiandaa kuchapwa, hakujiandaa kutosadikiwa. Machozi yakaanza, akayazuia.

"Nitalifunga tena, mwone," alisema.

"Tujaribu, Sista," alisema fundi, ambaye macho yake yalikwisha kuwa kwenye lile gunia. "Oili nimeshabadilisha, jenereta nitaliwasha sasa hivi. Mie na kile kikaratasi changu hatujaelewana tangu juzi."

Wakaenda wote watatu, Sista na ile karatasi ya fundi mkononi. Mwajabu alikuwa kwenye karo, mikono imezama mpaka kwenye viwiko. Alipomwona binti yake na gunia, akasimama polepole, magoti yakalia. Hakuna aliyemweleza kitu. Mashuka yalitiwa, mashine ikawashwa, na Mwanahalima akazunguka nyuma akalifunga gunia kwa mikono yake mwenyewe, mama yake akimtazama kutoka kwenye kona. Kamba ilimponyoka mara mbili.

Wakasubiri. Sista alitazama saa yake ya kifuani. Dakika kumi na saba tangu kuanza, mashine ikanyamaza.

"Ahaa!" Fundi alipiga kofi pajani. "Hiyo ndiyo ekzosi yangu!" Akazunguka nyuma, akalifungua gunia, akatoa konzi ya ukindu na kuikamua. Maji yakatoka. "Na weye bibiye, nani alikwambia unakausha? Hewa hii imebeba maji ya mashuka yote. Ulikuwa unapika ukindu kwa mvuke kama ndizi!"

Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye, naye hakucheka sana. Akachukua ile karatasi mikononi mwa Sista, akaichana vipande viwili.

Mwajabu alisogea mpaka kwa binti yake. Alishika ile konzi ya ukindu iliyooza, zambarau na kijani vimechanganyikana.

"Ulikuwa wa nini?"

"Mkeka. Wako. Nilitaka ujinyooshe hapa ukichoka." Hapo machozi yakamshinda. "Nisamehe mama. Umepiga pasi wiki nzima kwa sababu yangu, na nilikuwa nakuona."

Mwajabu hakumpiga wala hakumkumbatia. Alimpangusa ile rangi shingoni kwa ncha ya kanga yake, taratibu, kama anavyotoa doa kwenye shuka.

Sista Elinipendo ndiye aliyesema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Kuanika ukindu si dhambi, Mwanahalima. Hukujua. Lakini Jumatano ulijua. Uliondoa gunia, ukadhani umeondoa na kosa. Sivyo. Kosa lisiposemwa halipotei, linatafuta mtu mwingine wa kulibeba, na mara nyingi linampata yule asiyejua kujitetea. Ungesema Jumatano, ungepata aibu ya dakika moja. Mama yako asingelibeba siku mbili, na wagonjwa wangu wangekuwa na imani na mtu anayewafulia. Leo umesema, tena kabla hujaulizwa. Hilo nitalikumbuka. Ukirudi shule, mwambie mwalimu wako kisa chote, usiruke kitu. Na Jumamosi na Jumapili utakuja hapa kukunja mashuka."

"Ndiyo, Sista."

"Na mimi pia nina langu la kusema." Alimgeukia Mwajabu. "Mama Mwanahalima, niliandika jina lako. Sikukuuliza vizuri, nikaamini karatasi. Ninakwenda kulifuta sasa hivi kabla bodi haijakaa. Unisamehe."

"Sina neno, Sista," alisema Mwajabu.

Sista alikwisha kupiga hatua ya kuondoka. Akasimama, akashika pazia.

"Hapana. Hilo 'sina neno' lako nalo limenipotosha. Kila nilipokuja hapa uliniambia huna neno, nami nikaondoka nikiamini huna. Mtoto amesema lake, fundi amechana lake, nami nimesema langu. Sasa na wewe. Miaka kumi na mmoja hapa ndani. Unataka nini?"

Mwajabu alifungua mdomo, na Mwanahalima akajua kabisa neno litakalotoka. Lakini halikutoka. Mama yake alitazama karo, akatazama meza ya kupigia pasi, akatazama ile konzi ya ukindu mkononi.

"Huu mkeka, mwanangu, utausuka jua likitoka, nami nitautandika nyumbani," alisema. "Hapa haunifai. Nikikaa chini, magoti haya nani atayanyanyua?" Akamtazama Sista usoni. "Nataka kiti changu. Kile kilichopelekwa dirishani, chenye mguu uliofungwa waya. Nataka kukaa."